Ganda Lenye Ngazi Ndani

Sogezeni viti vyenu upande huu wa dirisha, wanangu, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina pumzi ya kurudia neno. Hénock, kaa kushoto kwangu. Léocadie, mwambie jirani apunguze muziki wake kidogo, kisha urudi ukae na wewe, uache hivyo vyombo, vyombo havitakimbia. Mchungaji nilimwomba asije leo. Atakuja kesho na maombi yake, na akinikuta, vema, lakini leo nataka masikio yenu ninyi wawili tu, ninyi niliowazaa Uvira na nikawaleta Johannesburg mkiwa mmelala juu ya mizigo. Msinikatize. Mkinikatiza nitapata sababu ya kunyamaza, na mimi ni mzoefu wa kunyamaza, nimenyamaza miaka mitatu mbele ya macho yenu mkadhani ni ugonjwa.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ni vyepesi kusema. Kile kiwanja cha Kavimvira ni chenu wote wawili, sawa kwa sawa, wala asije mtu akawaambia kwamba mtoto wa kike hana fungu. Babu yenu alitugawia ardhi yake mimi na shangazi yenu nusu kwa nusu, nami sibadilishi alichokifanya. Gaston, mtoto wa baba yangu mdogo, alisogeza ua wake hatua nne ndani ya kiwanja hicho mwaka ule tuliokimbia, akijua sipo wa kumkemea, nami nimemchukia kwa hatua hizo nne kwa miaka kumi na sita. Mwachieni. Ninayokuja kuwaambia yamenifanya nione haya kumdai mtu ua. Cherehani ya mama yenu ni ya Léocadie, hilo mlilijua. Vifaa vyangu vya kutengenezea saa apewe Shekinah, binti yako, Hénock, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini akishika bisibisi ndogo mkono wake hautetemeki. Suti ya kijivu nizikeni nayo. Hayo ndiyo mali yangu yote, na ningeweza kufunga mdomo hapa hapa, watu wakaenda makaburini wakisema mzee Évariste alikuwa mtu mwema.

Lakini kuna jambo la Khatibu. Nimesikia kiti chako, Hénock. Kaa.

Najua jina hilo halitajwi nyumbani humu. Ulilipiga marufuku wewe mwenyewe siku uliyotoka hospitali, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, vidole viwili umeviacha huko. Ulisema Khatibu wa Tanga amekuua ukiwa hai, na sisi sote tukaitikia, mama yenu, dada yako, watu wa kanisa, na mimi. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote. Sasa nitaeleza tangu mwanzo, polepole, mpaka pasibaki mahali pa mtu kusema hakuelewa mzee alimaanisha nini.

Mlipokuwa wadogo mliwaambia wenzenu shuleni kwamba baba yenu anaokota risasi, nao wakawacheka. Ni kweli. Niliingia pale klabu ya shabaha, kule kusini nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi, mwaka wa 2006, nikapewa ufagio. Watu walikuja na bastola zao, wakapiga karatasi, wakaondoka, na maganda matupu yakabaki sakafuni. Mwenye klabu, Senyor Teixeira, Mreno wa hapa hapa Rosettenville, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Ganda la shaba likishatoa risasi yake bado linafaa. Linaoshwa, linarudishwa kwenye umbo lake katika mashine, linatiwa fataki mpya kitakoni, ile inayowasha baruti, baruti ndani, kichwa kipya mdomoni, nalo linapigwa tena, mara tano, mara nane, kutegemea limetoka kiwanda gani. Na hapo penye kiwanda gani ndipo palipokuwa na kazi yangu.

Mtu asiyejua akitazama ndoo ya maganda ya bastola ya milimita tisa anaona kitu kimoja kinachong'aa. Mimi niliona koo mbalimbali, kila ukoo na tabia yake, kwa kuwa kila kiwanda hupiga mhuri wake kwenye kitako, herufi ndogo ndogo kuizunguka fataki. Tuliyapa majina yetu wenyewe. Yale ya viwanda vya jeshi tuliyaita Askari, fataki yake imebanwa kwa duara gumu, na usipolikata hilo duara kwanza fataki mpya haiingii, mashine inanuna. Maharusi yalikuwa meupe, yamepakwa rangi ya fedha, yanateleza vizuri kwenye mashine lakini mdomo wake hupasuka mapema. Mashavu yalikuwa mazito, ukuta mnene, na ukiyapima kwa mizani unaona tofauti upesi. Ya hapa hapa nchini yalikuwa mavumilivu, hayana madoido, yana nukta moja kando ya herufi, na ndiyo niliyoyapenda. Halafu yalikuwapo mengine tuliyoyaita Ngazi.

Kwa nje Ngazi ni ganda zuri kabisa. Ndani, kama nusu ya kimo chake, ukuta unanenepa ghafla na kufanya kidaraja, ndiyo ngazi yenyewe. Nafasi ya baruti inapungua, kwa hiyo kipimo kile kile cha baruti kinasukuma kwa nguvu zaidi, na likishapigwa mara kadhaa linaanza kukatika pale pale penye ngazi. Mhuri wake ulikuwa nyota ndogo na herufi mbili, na kiwanda chake sikupata kujua kiko nchi gani. Teixeira alikuwa na amri moja juu ya hayo, hata yakiwa mapya, yanakwenda kwenye pipa la vyuma chakavu, hayajazwi. Kwa yale tuliyoyatilia shaka tulikuwa na kipande cha waya, kimekunjwa ncha. Unakiingiza mdomoni mwa ganda, unakikwaruza ukutani polepole, na penye ngazi kinakwama. Kazi ya kila ganda ni nusu dakika. Lakini mtu anayeuona mhuri vizuri hahitaji waya.

Nami niliuona. Mnajua nilikuwa fundi saa Uvira, nimekaa miaka ishirini na lenzi jichoni. Siku moja Teixeira aliona nachambua maganda bila taa, akadhani nafanya mchezo, akachanganya kiganja kizima cha koo sita na kunimwagia mezani, nami nikayarudisha kila moja kwa ndugu zake kabla hajamaliza kahawa yake. Tangu siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Olho, kwa Kireno chao ni jicho, na wanachama wa klabu wakaniita hivyo, wazungu wenye magari makubwa kutoka Sandton waliniletea ndoo zao wakisema, mpelekeeni Olho. Mkimbizi aliyekuja na ufagio! Niliipenda heshima ile, wanangu, niliipenda kupita kiasi, na ada zenu zilitoka humo, kwa hiyo nilijiambia kwamba ni kwa ajili yenu.

Khatibu alikuja mwaka wa 2011. Léocadie, wewe unakumbuka alivyokuwa mwembamba. Kila asubuhi aliniambia shikamoo, na mimi Mkongo sikujua hata nijibu nini, kwetu salamu hiyo hatuitumii, akanifundisha. Hakukaa kabla sijakaa. Nilimfundisha kuchambua, nilipoona mkono wake ni mtulivu nikamwombea kwa Teixeira awekwe kwenye mashine ya kujazia, na tukawa tunafanya hivyo, mimi nachambua, yeye anajaza, kisha anaandika jina lake juu ya sanduku, maana sheria ya pale ilikuwa kwamba anayejaza ndiye anayeandika jina. Mama yenu alimpikia sombe ya majani ya muhogo katika sufuria yake ya peke yake, isiyoguswa na nyama ya nguruwe. Idi ikifika alituletea sinia. Hénock, ni yeye aliyekufundisha kuendesha gari, kwenye kile kiwanja cha nyuma ya klabu, na ulipogonga nguzo alimwambia Teixeira amegonga yeye.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Mwaka wa 2015 macho yangu yalianza kunikimbia. Kwanza taa ikawa na pete kuizunguka. Halafu nikisimama kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, nyekundu na kijani zikawa doa tu, nikawa nasubiri watu wavuke ndipo nivuke. Sikumwambia mtu, hata mama yenu aliyelala kando yangu. Kwenye meza ya kazi nikaanza kuusoma mhuri kwa ukucha na ncha ya kidole gumba, kama kipofu, na kwa muda mrefu ilifanya kazi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na akili. Nikajidanganya kwamba vidole ni macho. Khatibu aliona. Jioni moja tukifunga, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kliniki ya macho, kwamba dada mmoja Mtanzania anafanya usafi pale, kwamba angenisindikiza siku yoyote na hakuna atakayejua. Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniomba radhi, yeye, na mimi nikaipokea radhi hiyo.

Sasa tufike Agosti ya mwaka wa 2016. Hénock, ulikuwa na mtihani wako wa kufyatua, ule ambao kampuni yenu ya ulinzi iliutaka ili ubaki kwenye gari la silaha, na ulikuwa unaogopa. Nilimwomba Teixeira sanduku moja la risasi za mazoezi, uje uzipige pale pale klabuni Jumapili, akakubali. Nikataka niyachambue maganda hayo mimi mwenyewe, moja moja, kwa kuwa ni ya mwanangu. Nilikaa na ndoo Alhamisi mchana mzima. Niliyatafuta yale mavumilivu ya hapa nchini, yenye nukta, na kila nilipoona nukta chini ya kidole changu niliweka ganda kwenye trei. Lakini nyota ndogo iliyokwisha kupigwa na kuoshwa mara nyingi inachakaa ncha zake. Kwenye kidole gumba cha mzee, nyota iliyochakaa ni nukta.

Waya ulikuwa mfukoni mwangu. Nataka mlisikie hilo. Ulikuwa mfukoni, naugusa kila nikiinama, na sikuutoa kwa sababu Khatibu alikuwa amekaa mbele yangu, na kuingiza waya katika kila ganda kungekuwa kumwambia kwamba sioni.

Akaichukua trei. Akalinyanyua ganda moja kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza, akanitazama.

"Mzee, samahani. Haya umeyatazama yote?"

"Kazi hii nimekufundisha mimi. Leo unanikagua?"

Alilirudisha lile ganda kwenye trei taratibu, akasema nisamehe, Mzee, akageukia mashine. Akajaza hamsini. Akaandika jina lake juu ya sanduku.

Mtu mwingine yeyote pale klabuni angeninyang'anya ile trei. Hata Teixeira mwenyewe angenicheka usoni na kuyaangalia maganda upya. Khatibu alilelewa kwamba mzee akishasema yeye hafunui tena alichokifunika mzee, na mimi nilijua amelelewa hivyo, nikaitumia adabu yake kumfunga mdomo. Hilo sikulifanya kwa bahati mbaya. Macho yalinikimbia kwa bahati mbaya, lakini maneno yale niliyachagua.

Jumapili nilisimama nyuma ya kioo. Ulikuwa unapiga vizuri, Hénock, ulinigeukia mara moja ukacheka. Halafu ikaja ile sauti ambayo si sauti ya risasi, na mpini wa bastola ukapasuka mkononi mwako. Nilikufunga mkono kwa shati langu. Unajua hayo. Usiyoyajua ni kwamba walipokupakia kwenye gari nilirudi ndani, nikapiga magoti sakafuni na kupapasa mpaka nikalipata lile ganda, limekatika nusu, nikaingia nalo chooni nikafunga mlango. Nikatoa waya. Waya ukakwama kwenye ngazi. Nikajaribu tena nikiomba Mungu usikwame, ukakwama. Ganda hilo nililitupa kwenye mtaro wa maji barabarani nilipokuwa nakuja hospitali kukaa kando ya kitanda chako.

Jumatatu Teixeira alituita ofisini. Aliamini kwamba baruti ilitiwa mara mbili, na kosa la baruti ni la mjazaji. Aliuliza nani alichambua. Nikasema nilichambua mimi, yalikuwa safi yote. Khatibu alikuwa amesimama kando yangu, nami sikuweza kuuona uso wake vizuri, lakini niliona kwamba kichwa chake kimenigeukia, na kikakaa hivyo muda. Kisha akasema neno moja tu.

"Sanduku lina jina langu."

Wakaliandika jina hilo katika daftari la ajali la klabu, kwa wino, akafukuzwa mchana ule ule, na habari ikazunguka kila uwanja wa shabaha mpaka Pretoria kwamba kuna mtu wa Tanga anatia baruti mara mbili. Mimi nikabaki. Nilikaa pale miaka miwili zaidi naitwa Olho, nikichambua kwa waya kila ganda, kila moja, nikiwaambia watu kwamba siku hizi nafanya kazi kwa uangalifu kwa ajili ya mwanangu. Nao walinisifu.

Mayasa, mke wa Khatibu, alirudi Tanga na watoto kwa kuwa kodi iliwashinda. Khatibu mwenyewe amepanga chumba mtaa wa jirani, La Rochelle, karibu na lile duka la kona lenye mlango wa kijani, anauza vifuniko vya simu juu ya kreti. Na wewe, Hénock, uliyekuwa unapanda gari la silaha umevaa buti zako, unalinda magari ya watu wanapoenda kununua mkate. Ninakusikia unaporudi jioni, unavyovua viatu kwa mkono mmoja. Kila jioni nimesema moyoni, leo nitamwambia, halafu nimekuuliza kama umekula.

Mwaka jana tulipomzika mama yenu, Khatibu alikuja. Mlikuwapo wote. Alikuwa amevaa kanzu safi, ameshika kofia yake mkononi. Ulimkuta getini, Hénock, ukamwambia mbele ya waombolezaji, wewe ulikula kwa mkono wa mama huyu ukaukata mkono wa mwanawe, toka. Alitazama kupita bega lako mpaka mahali nilipokuwa nimekaa, na safari hii alikuwa karibu, niliuona uso wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri. Mtoto aliyezoea kwamba baba atasema kitu husubiri hivyo. Nikageuza uso wangu upande wa ukuta. Ndipo aliposema pole, Mzee, mama alinilea, akaivaa kofia yake na kwenda zake. Daktari anasema kinachoniua ni kifua. Mwacheni aseme, amesomea. Mimi najua ni siku ile.

Kwa hiyo mkono wako niliukata mimi, mwanangu. Kwa kiburi, si kwa macho. Na chuki uliyoibeba miaka mitatu nilikutwisha mimi, nikakaa nikikutazama unavyoibeba, nikakusaidia kuifunga kamba.

Hénock?

Léo, kimeanguka nini? Ni kiti chake? Usimfuate. Usimfuate, nimesema, kaa. Ana haki ya kutoka. Angenipiga angekuwa na haki pia, ila hajalelewa hivyo. Eish. Adabu tena.

Ngoja nipumue.

Sasa haya ninakupa wewe, Léocadie, umwambie kaka yako atakapoweza kusikia. Jumapili baada ya kunizika, mchungaji asimame mbele ya watu aseme kwa jina langu kamili kwamba Évariste ndiye aliyechambua maganda yale, akiwa haoni na akijua kwamba haoni, na kwamba alidanganya mbele ya Teixeira. Asifunikefunike kwa maneno ya Biblia. Wanawake wa kanisa watakuambia kwamba marehemu hasemwi vibaya. Waambie ni marehemu mwenyewe aliyesema. Najua mtaona aibu, wateja wako wa saluni watanong'ona huku unawasuka, na naomba radhi kwa hilo pia, lakini Khatibu ameaibishwa na watu hao hao wasiokuwa hata na damu yake.

Halafu mwende klabu. Teixeira amezeeka, mwanawe ndiye anayeendesha, lakini daftari liko palepale kwenye kabati ya chuma. Jina la Khatibu likatwe mstari na langu liandikwe juu yake, na karatasi itolewe yenye saini, akaionyeshe popote anapotaka kazi. Wakisema mambo ya zamani hayana faida, kaeni hapo ofisini mpaka wachoke. Karatasi yangu mimi ya kukiri nimeshaiwekea saini. Nilimwita Brigitte, yule mama wa hapo mtaani anayewaandikia watu barua za vibali, akaniandikia juzi ulipokuwa kazini, na alipomaliza kuandika alilia, nikamwambia usilowanishe.

Na Khatibu aitwe kwenye mazishi. Uende mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Asimame kwenye mstari wa familia, kando yako. Nafasi ya Hénock isipewe mtu, hata asipokuja, iacheni wazi watu waione. Lakini nisikilize hapa vizuri, Léo, hapa ndipo mtu mwema anaweza kukosea. Usimwombe Khatibu anisamehe. Ukimwomba, ile adabu yake itakujibu nimesamehe kabla moyo wake haujafungua mdomo, na nitakuwa nimemfunga mdomo tena. Mwambie tu lilivyokuwa. Halafu unyamaze. Mwache aseme anachotaka, hata akinitukana mimi na mama yangu, mwache amalize.

Ushauri sina mwingi. Nilikuwa nao mwingi nilipokuwa na macho. Shekinah atakua, atakuuliza siku moja, shangazi, una hakika? Atamuuliza baba yake vilevile, kwa hicho Kiingereza chake. Msimwambie unanikagua. Mtoto akikuuliza kama umetazama, tazama tena mbele yake. Ukiona huoni, sema sioni. Ni neno dogo, mimi lilinishinda.

Baridi imeingia. Nani amefungua dirisha? Hakuna. Basi nifunike miguu.

Yuko wapi? Chungulia. Amesimama getini? Amesimama tu? Hasemi na mtu. Ameegemea nguzo, sawa. Ametazama upande gani, upande wa La Rochelle au upande wa huku? Huwezi kujua. Sawa. Usimwite. Akienda kwa Khatibu, aende kwa miguu yake. Akienda kunywa, aende. Akikaa hapo hapo mpaka nimalize, vilevile.

Mwambie ganda lile nililichambua siku ile nikimwombea. Hapana. Usimwambie hilo, litamwonea. Mwambie alipiga vizuri. Zile za kwanza zote zilikuwa katikati ya karatasi, Teixeira alinionyesha. Hilo sikumwambia kamwe.

Nataka kubariki sasa. Sina mafuta, sina maneno ya kikuhani. Lete kichwa chako hapa, Léocadie, nywele hizi nazijua, hizi ni za mama yako. Mungu aliyetutoa Uvira tukiwa hai akulinde kazini na njiani, vidole vyako visichoke, usizeeke ukiwa na kitu usichoweza kumwambia mtu. Amina. Sema amina, binti yangu. Usilie kwenye mkono wangu, utateleza.

Huu mwingine ni wa Hénock. Ninyanyulie. Juu zaidi, yeye ni mrefu kuliko wewe. Hapo. Mungu... Mungu umtazame mtoto huyu aliye nje. Umpe kulala. Hasira yake juu yangu ni yake, usimnyang'anye mpaka aiweke chini mwenyewe. Umpe...

Sina pumzi. Imebaki kidogo, imebaki ya jina lake. Sitaimaliza bila yeye.

Mlango huo uache wazi. Mkono unaanguka, nauona unaanguka na siwezi kuuzuia. Ushike wewe, mwanangu, hapo chini ya kiwiko, ushikilie hivyo hivyo ulivyo mpaka aingie. Hata nikinyamaza. Usiushushe.